Kadutu Imepimwa, Sasa Pimeni Muhumba

Wamekuja tena. Vijana wenye vizibao na vishikwambi wamepanda vichochoro vya Cimpunda na Nyamugo, huku Kadutu, Bukavu, wanabisha hodi kwenye milango ya mabati, wanauliza jana mlikula mara ngapi. Mama anajibu. Siku saba zilizopita mlikopa chakula? Anajibu. Wakubwa walijinyima ili watoto wale? Mliuza sufuria, redio, godoro? Anajibu yote kwa adabu, kwanza kwa sababu mgeni ni mgeni, pili kwa sababu huenda safari hii jina lake likatokea kwenye orodha. Kisha vijana wanashuka, wanapanda gari, na gari linarudi Ibanda, kwenye ofisi yenye jenereta, ambako majibu ya mama yatageuka asilimia. Njiani linapita malango marefu ya Muhumba na Nguba. Halisimami hata kwenye lango moja.

Na vijana hao sina neno nao. Wengi ni watoto wetu, wamemaliza chuo, wanalipwa kwa siku, na kazi ikiisha wanarudi mtaani kuhesabiwa na wenzao. Ugomvi wangu ni na njia ya lile gari. Umaskini wa mji huu umepekuliwa mpaka kwenye masizi ya jiko, utajiri wake haujaulizwa hata jina. Halafu tunaletewa ripoti yenye jalada la kung'aa inayozungumzia pengo kati ya walionacho na wasionacho. Pengo lina kingo mbili, waungwana. Ninyi mmesimama ukingo mmoja, mkachovya kamba, mkasema mmepima upana.

Ngoja niwaonyeshe hesabu yenyewe inavyofanyika, maana mama wa Cimpunda hajawahi kuonyeshwa. Mashirika ya chakula yana alama yao ya ulaji. Kila kundi la chakula lina uzito: nafaka na mizizi 2, kunde 3, mboga 1, matunda 1, nyama na samaki 4, maziwa 4, sukari nusu, mafuta nusu. Unazidisha uzito kwa idadi ya siku ambazo chakula hicho kililiwa kati ya siku 7. Haya, tupike. Bugali kila siku: 14. Sombe kila siku: 7. Tone la mawese kila siku: 3.5. Maharage siku 4: 12. Jumla 36.5. Na kwenye mizani ya kawaida, kaya ikishapita 35, ulaji wake unaandikwa kuwa "unakubalika". Unakubalika kwa nani? Mizani hiyo haiulizi sahani ilikuwa na ukubwa gani, wala ni watoto wangapi waliozunguka bakuli moja la sombe. Inauliza siku tu. Mtoto wa Kadutu anaweza kulala akisikia njaa, na kwenye jedwali mama yake yuko kundi la kijani.

Kipimo hicho kilitengenezwa kwa haraka za msaada, kujua lori liende wapi kwanza, na kwa kazi hiyo kina faida yake. Lakini kikishaingia kwenye hotuba ya mheshimiwa kinageuka ushahidi kwamba hali si mbaya sana.

Kuna na ile dola ya Benki ya Dunia, mstari wake wa umaskini wa kupindukia. Kwa miaka ilikuwa 1.90 kwa siku. Septemba 2022 ikawa 2.15. Juni 2025 ikawa 3.00, na kwa badiliko hilo la mezani maskini wa kupindukia waliokadiriwa kwa mwaka 2022 wakapanda kutoka milioni 713 hadi milioni 838 duniani kote, bila hata mmoja wao kusikia tofauti tumboni. Kwa mstari wa 2.15, Benki hiyo ilikadiria kwamba mwaka 2024 asilimia 73.5 ya Wakongomani waliishi chini yake. Watu wa Bukavu wakisikia hayo redioni wanatoa simu, wanazidisha kwa bei ya kambisti, mbadilisha pesa, wa Nyawera. Msifanye hivyo. Dola hiyo haibadilishwi Nyawera. Ni dola ya wachumi, imerekebishwa ili inunue hapa vitu vile vile ambavyo dola ingenunua Marekani, na kwa kuwa vitu vingi vya hapa vina bei ya chini, ukiigeuza kuwa faranga inakuwa ndogo hata kuliko ile ya kambisti. Kwa hiyo mstari uko chini zaidi ya mnavyodhani. Jaribu kuishi Chicago kwa dola mbili na senti kumi na tano kwa siku: chumba, chakula, nauli, dawa, sabuni, vyote humo humo. Hapo ndipo mstari ulipochorwa, na karibu robo tatu ya taifa hili haikuufikia.

Robo tatu ya wangapi, lakini? Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Tulihesabiwa tukiwa kama milioni 30, na Mobutu bado alikuwa na miaka 13 mbele yake ya kutawala. Waliozaliwa mwaka ule sasa wana wajukuu, na sensa ya pili imeahirishwa kila ilipotajwa. Leo tunaambiwa tumepita milioni 100, na namba hiyo ni makadirio juu ya makadirio. Msiniambie nchi ni kubwa na barabara hakuna. Kabla ya uchaguzi wa 2006, wa 2011, wa 2018 na wa 2023, mashine za kuandikisha wapiga kura zilifika mpaka vijiji vya Shabunda ambako hata chanjo huchelewa. Mwaka 2023 orodha ilikuwa na majina karibu milioni 44. Serikali inajua kuhesabu inapotaka kitu kutoka kwako.

Na hilo halikuanza jana. Mbelgiji aliyejenga Costermansville, mji ambao leo ni Bukavu, aliweka vitabu vya hesabu vya kila kijiji. Alihesabu wanaume wazima wenye nguvu: wa kubeba, wa kulima, wa kulipa kodi. Rasi za Ziwa Kivu akazitenga kwa nyumba za Wazungu, wafanyakazi akawapanga Kadutu na Bagira. Mipaka hiyo haijahama. Waliohama ni wakaaji wa zile rasi. Na mpaka leo mama anayetandika lenga-lenga zake sokoni Kadutu anahesabiwa kila siku ya Mungu: mwenye tikiti anapita, kodi ya meza inatolewa, jioni hesabu ya meza inajulikana. Nani anapita na tikiti kule rasini La Botte?

Sasa kuhusu kadogo, yaani kununua kidogo kidogo, maana hapa ndipo wachumi wanaponichosha. Kaya ya Kongo haiulizwi inapata kiasi gani, kwa kuwa wengi hawana mshahara. Inaulizwa imetumia kiasi gani. Ni busara. Lakini angalia anavyotumia mtu asiye na akiba. Unga anaununua kwa kopo la maziwa la Guigoz, mafuta kwa kifuko cha plastiki kilichofungwa fundo, makaa kwa kifungu cha kupikia mara moja. Mwenye gari anashuka Kadutu ananunua gunia zima la makaa na mtungi mzima wa mafuta. Kwa kila kilo, kwa kila lita, maskini analipa zaidi. Faranga alizotoa zinaandikwa kuwa matumizi yake, na ile nyongeza anayotozwa kwa sababu ni maskini inasomeka kama maisha mazuri kidogo. Na kopo lenyewe tunalijua: wapo wanaoligonga kitako kikaingia ndani. Linafika mbele yako limejaa mpaka juu, unafika nyumbani bugali haitoshi. Vipimo vingi vya umaskini wetu ni makopo ya namna hiyo, na walioyagonga kitako hawanunui kwa kopo.

Endelea na hesabu hiyo ya matumizi mpaka hospitali. Mwanamke amejifungua kwa upasuaji, bili imemshinda, anazuiliwa wodini na kichanga chake mpaka ndugu wauze mbuzi au kipande cha shamba. Hii si hadithi ya hospitali moja, ni desturi ya nchi. Ndugu wakilipa, katika tafiti zinazojumlisha gharama za matibabu familia hiyo imepanda ngazi mwaka huo. Imetumia zaidi! Mwakani haina mbuzi.

Wapo waliojaribu kukwepa mtego wa pesa. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Oxford na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa walileta kipimo chenye viashiria 10: lishe, vifo vya watoto, miaka ya shule, mahudhurio ya shule, maji, choo, umeme, kuni za kupikia, sakafu, mali za ndani. Nakiheshimu kuliko vyote nilivyotaja, na kwa takwimu za 2017 na 2018 kiliwaona Wakongomani 64 na nusu kati ya kila 100 kuwa maskini. Lakini kilete Bukavu ukione kinavyoyumba. Maji: kuna bomba chini ya nusu saa, kwenda na kurudi? Lipo, bomba la Regideso liko uani, limekauka kama mfupa, na watoto wako foleni na madumu tangu saa kumi alfajiri kwenye chemchemi ya chini. Umeme: upo? Waya wa SNEL upo, balbu ipo, delestaji, mgao wa umeme, nayo ipo. Unakuja usiku wa manane, mama anaamka kupiga pasi sare za shule, unaondoka. Kwenye fomu, kaya hiyo ina umeme. Na mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa, chini ya macho yetu. Bwawa la kwanza lilijengwa wakati wa Mbelgiji, la pili likaanza mwaka 1989 kwa ajili ya nchi tatu. Ng'ambo, Kamembe ya Rwanda, taa zinawaka. Nani hapa mjini haoni? Mwenye jenereta na paneli za jua haoni, kwa sababu kwake hakuna giza. Yeye na mama wa pasi wamejaza jibu lile lile: umeme, ndiyo.

Hapo tumefika kwenye lile linaloniudhi kuliko yote: lile gari lisilosimama. Mtaliano Corrado Gini alitupatia mwaka 1912 kipimo cha tofauti za kipato, ambacho leo husomwa kutoka 0, kila mtu sawa, hadi 100, mmoja ana vyote. Kwa utafiti wa 2012 Kongo ilipewa 42.1. Afrika Kusini, kwa utafiti wa 2014, ilipewa 63. Msomaji wangu wa Bagira, unaamini? Nchi ambayo mchimbaji wa Kamituga analala kwenye turubai, na aliyenunua dhahabu yake anajenga ghorofa nne juu ya maji ya ziwa, hiyo ndiyo yenye usawa? Sisemi kwamba tumewazidi Waafrika Kusini. Nasema Gini ya Kongo haijui, kwa sababu imetengenezwa na wale waliofungua mlango. Cimpunda mlango ni pazia. Muhumba mlango ni lango la chuma, na nyuma yake mlinzi: bosi hayupo. Bosi yuko Kigali. Bosi yuko Dubai. Njoo wiki ijayo. Mdadisi anaweka alama "hakupatikana" na kaya nyingine inachukua nafasi. Hata bosi akipatikana, akataja alichokula, ataandikwa kwa chakula chake. Tajiri hali utajiri wake. Anaupeleka benki, anaupeleka ng'ambo, anaujengea nyumba ya kupangisha. Kwa wenzetu wa Afrika Kusini, watafiti angalau wamefunguliwa vitabu vya mamlaka ya kodi. Kwetu tulisubiri nyaraka zivuje: mwaka 2021, uchunguzi wa waandishi wa habari ulioitwa Congo Hold-up ulionyesha angalau dola milioni 138 za umma zilizopitishwa benki moja ya Kinshasa zikapotelea mifukoni. Hakuna utafiti wa kaya uliowahi kuziona hizo.

Mtasema utajiri wa Kivu haupimiki, unapita msituni usiku. Sikilizeni basi kisa cha dhahabu, kwa sababu kilitokea hapa mjini, mchana. Mwaka 2022 dhahabu ya wachimbaji wadogo iliyoandikwa rasmi kutoka nchini ilikuwa makumi ya kilo. Makumi! Kila mtu kuanzia Mwenga hadi Shabunda alijua ni uongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishaandika mwaka baada ya mwaka kwamba karibu yote inavuka mpaka bila karatasi. Kisha serikali na wabia wa Falme za Kiarabu wakafungua hapa Bukavu kampuni ya Primera Gold, na mwaka 2023 ikasafirisha zaidi ya tani 5. Mashimo yalikuwa yale yale, na mikono yenye malengelenge ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni mizani na mtu mkubwa mwenye faida ya kuona mizani ikitumika. Kwa hiyo ile miaka yote ya makumi ya kilo haikuwa ujinga wa takwimu. Ilikuwa takwimu iliyotakiwa na wenyewe.

Kwa jicho hilo hilo tazameni mishahara. Mwaka 2018 kima cha chini kiliwekwa faranga 7,075 kwa siku, wakati huo zaidi ya dola 4. Kikaachwa hapo huku faranga ikiyeyuka, na kufikia 2024 kilinunua kama dola 2 na nusu. Hakuna aliyekipunguza, walikisahau tu, na kusahau kukafanya kazi. Wakubwa hawasahau ya kwao. Mwaka 2022 mwanasiasa wa upinzani Martin Fayulu alitamka hadharani kwamba mbunge wa taifa anapokea dola 21,000 kwa mwezi. Miaka miwili baadaye walimu wa Kivu ya Kusini waligoma wakidai dola 500, wakaambiwa wana tamaa. Mara 42. Namba hiyo ni ya darasa la nne, chukua dakika moja uigawe mwenyewe, nayo inasema kuhusu Kongo zaidi ya desimali zote za Gini. Sijaiona kwenye ripoti yoyote iliyozinduliwa kwa vinywaji kwenye hoteli za kando ya ziwa.

Halafu Februari 2025 vita vikaingia mjini. Waasi wa M23 walipofika, benki zilikuwa zimefunga, na zikabaki zimefungwa. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukabaki bila ndege. Mwenye akaunti ng'ambo ya Ruzizi alivuka, akatoa pesa, akarudi au hakurudi. Mwenye pasipoti na nyumba Nairobi aliondoka mapema. Mama ambaye benki yake ni likirimba la wanawake kumi wa mtaa alibaki na daftari la madeni ambayo hakuna wa kuyalipa. Na ghala za Shirika la Chakula Duniani zilipoporwa, tuliambiwa upesi: tani karibu 7,000. Sawa, ni chakula cha watu, lazima kihesabiwe. Nawauliza tu waliohesabu upesi hivyo: yaliyotoka kwenye zile nyumba za rasini wiki zile, kwenye masanduku, kwenye magari yenye vioo vyeusi, nani aliyahesabu? Kwa gunia lililobebwa kichwani na mtoto wa Panzi tuna takwimu.

Najua jibu la ofisini. Bwana, ukivuruga tafiti hizi wafadhili wataondoka, watoto watakosa unga. Mimi siombi zivurugwe. Naomba ziendelee, na mama aulizwe kidogo na asomewe matokeo. Naomba ziende na upande wa pili. Na msiniambie upande wa pili hauna data, kwa maana data hiyo mnalala ndani yake. Nani wapangaji wa zile nyumba kubwa za Muhumba, Nguba na La Botte? Kwa sehemu kubwa ni mashirika: ya kimataifa, ya kibinadamu, ya maendeleo, yale yale yanayotuma vijana Cimpunda. Pango wanalipa kwa dola, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, kwa watu wale wale ambao mdadisi hakuwapata nyumbani. Hakuna ofisi ya serikali, wala chuo kikuu, wala mwandishi wa habari mwenye kumbukumbu bora za utajiri wa Bukavu kuliko idara zenu za fedha. Hati za viwanja ziko ofisi ya ardhi, risiti za kodi ya majengo ziko jimboni, au hazipo, na kutokuwepo kwake nako ni takwimu. Anzeni na kabati lenu. Fungueni faili ya mikataba ya pango ya miaka kumi iliyopita, ficheni majina kama sheria inawabana, na mtuandikie kwa kila nyumba: mwenyewe ana nyumba ngapi mjini, dola ngapi kwa mwezi, miezi mingapi ya dhamana, alilipa kodi au hakulipa, na akaunti iliyopokea iko nchi gani.